Nusu kwa nusu, lakini nusu ya nini?

Mama mwenye kuuza ndagala ku soko ya Mulongwe hajawahi kusema neno «uwiano» tangu azaliwe. Lakini mpe dola moja, au franga za Burundi, au franga za kwetu, kisha umwambie unataka makopo mawili na nusu. Kabla hujafunga mdomo, amekwisha kukwambia bei na chenji iko tayari. Hesabu ile njo mwalimu wetu wa mwaka wa tano primere alikuwa anaiita «règle de trois», na fimbo tulizopata kwa sababu yake hazina idadi.

Ninaandika juu ya hesabu hii kwa sababu moja. Katika miaka yangu ya sendika, kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Fizi na Mwenga, nimeona watu wakiibiwa kwa namna nyingi. Kuko wenye kuibiwa kwa bunduki, na hao kila mtu anawasikilia huruma. Lakini kuko wengi zaidi wenye kuibiwa kwa hesabu, na hao wanarudi nyumbani wakisema tu kwamba mwezi huu bahati haikuwa nzuri. Na hesabu yenyewe si ngumu. Ni ile ile ya mama wa ndagala. Mtu huyo huyo mwenye kubishana ku soko kwa franga 100, akifika mbele ya mizani ya negosia anakuwa kama mtoto wa primere: anangoja kuambiwa.

Basi tuanze ku soko, kwa sababu pale wote ni walimu.

Kopo la Guigoz kila mtu analijua. Sema maharagwe ni franga 2 500 kopo moja. Makopo mawili ni 5 000, manne ni 10 000, nusu kopo ni 1 250. Sasa chukua kila bei uigawanye na hesabu ya makopo: 5 000 kwa 2, 10 000 kwa 4, 1 250 kwa nusu. Kila mara unarudi pale pale, 2 500. Namba ile yenye haitikisiki njo uwiano kati ya feza na maharagwe. Na vitu viwili vikipanda pamoja na kushuka pamoja bila namba ile kutikisika, njo tunasema vinakwenda kwa uwiano mmoja. Ukizidisha kimoja mara tatu, cha pili nacho kinazidi mara tatu. Kimoja kikiwa sifuri, cha pili pia ni sifuri.

Mtego uko hapa: si kila kitu chenye kupanda pamoja na kingine kinakwenda hivyo. Motari mwenye kukutoa Kavimvira mpaka Mulongwe anaomba bei fulani. Ukimwambia akupeleke mpaka Kalundu, bei inapanda, ndiyo, lakini haipandi sawa na njia. Na ukipanda moto ukashuka kisha ya mita kumi, hatakuachia bure. Sifuri haitoi sifuri, kwa hiyo règle de trois pale haina kazi. Vilevile mwenye kununua mfuko mzima wa mchele wa Luberizi, kila kopo linamtoka kwa bei ndogo kuliko mwenye kununua kopo moja moja. Hakuna aliyeibiwa. Ni kwamba tu hesabu ile si ya uwiano mmoja, na mtu akiilazimisha anapata jibu la uongo.

Kwa hiyo swali la kwanza, kila mara, kabla ya kuzidisha na kugawanya: je, namba ile inabaki pale pale?

Franga tatu katika mfuko mmoja

Sisi watu wa Uvira tuna shule nyingine ya bure, ya feza. Watu wa Kinshasa wana feza mbili mfukoni, sisi tuna tatu, kwa sababu Bujumbura iko karibu kuliko Bukavu. Tuchukue mfano, bei zinabadilika kila siku, kwa hiyo msiende kumgombeza kambisti na gazeti mkononi. Sema dola moja ni franga 2 800 za Kongo, na dola ile ile ni franga 7 000 za Burundi. Basi 7 000 za Burundi na 2 800 za Kongo ni kitu kimoja. Gawanya zote mbili kwa 7: franga 1 000 za Burundi ni sawa na franga 400 za Kongo.

Mtu anatoka Gatumba na franga 35 000 za Burundi. Kambisti anamwambia: «Ninakupa 370 kwa elfu moja.» Anapata 12 950. Kwa hesabu yetu ingekuwa 14 000. Tofauti ni franga 1 050. Sisemi kambisti ni mwizi, naye ana watoto na anakaa juani siku nzima. Ninasema tu kwamba 1 050 ile njo mshahara wake, na ni vizuri kujua unamlipa ngapi. Ukiona tofauti ile ni ndogo, unanyamaza. Ukiona imekuwa franga 4 000, unavuka barabara kwenda kwa mwingine.

Kijiko cha chumvi

Kabla sijapanda ku machimbo, neno moja kwa wenye watoto, kwa sababu Uvira tunaijua kolera kuliko tunavyotaka. Maji ya bomba yakikatika, watu wanarudi ziwani na mitoni na mabidoni, na siku chache kisha unasikia mtoto wa jirani anahara maji.

Kama kuko sashe za dawa ile ya kuchanganya na maji, sashe moja nzima ni ya lita moja nzima. Kama hakuna, tunatengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa juu, si vya mlima. Uwiano wa sukari na chumvi ni 12 kwa 1. Sasa mwenye chupa ya lita moja na nusu anazidisha vyote kwa moja na nusu: vijiko 9 vya sukari, na robo tatu ya kijiko cha chumvi. Mwenye bidoni ya lita 5: vijiko 30, na chumvi vijiko viwili na nusu.

Hatari ninayoiona ni mtu mwenye chupa ya nusu lita kutia vijiko vyote 6 na nusu kijiko kizima cha chumvi, kwa sababu alishika namba kwa kichwa na akasahau lita. Amekwisha kufanya dawa kali mara mbili. Mtoto aliyekauka maji hapaswi kupewa chumvi mara mbili. Vijiko peke yake havina maana, lita peke yake haina maana. Vinakwenda pamoja. Na huku mnamnywesha kidogo kidogo, mko njiani kwenda ku santre ya afya.

Tola, kibiriti na sirenji

Sasa tupande mlimani.

Dhahabu ya kwetu bado inahesabiwa kwa tola. Ni kipimo cha zamani cha India, na tola moja ni gramu 11,66. Siku za nyuma, na mahali pengine hata leo, mnunuzi wa pale shimoni anaweka upande mmoja wa mizani sarafu ya zamani au vijiti vya kibiriti, upande mwingine mchanga wako wa dhahabu. Kijiti kimoja ni karibu sehemu moja ya kumi ya gramu. Karibu, nasema. Kijiti kizima na kilichowashwa havilingani, kibiriti cha kiwanda hiki na cha kile havilingani, na cha msimu wa mvua kinanyonya maji.

Tuseme kile chuma anachokiita tola si gramu 11,66 bali ni 12,5. Kwa macho huoni tofauti. Lakini kila mara unapouza «tola moja», unatoa gramu 12,5 na unalipwa 11,66. Umetoa bure gramu 0,84. Ukigawanya 0,84 kwa 12,5 unapata karibu 6,7 kwa mia, ndiyo kusema karibu moja kwa kumi na tano. Mtu aliyeuza mara kumi na tano, mara moja nzima alitoa zawadi. Ukiuza kidogo unaibiwa kidogo, ukiuza mingi unaibiwa mingi, kwa uwiano ule ule. Mwizi wa usiku anaweza kukamatwa siku moja, lakini mizani mbovu inafanya kazi kila siku na hailali.

Kuko namna ya kuijaribu, na haina gharama ya dola. Maji safi, mililita moja ni gramu moja. Nenda ku farmasi ununue sirenji mpya ya mililita 10 au 20. Tafuta vikombe viwili vidogo vya plastiki vinavyofanana, kama vile vya dawa ya kikohozi, weka kimoja kila upande wa mizani. Mizani ikisimama sawa, tia chuma cha tola ndani ya kikombe cha kushoto, na kwenye cha kulia uanze kutia maji na sirenji. Mikono miwili ya mizani ikilingana, soma umetia mililita ngapi. Kama ni 11 na sehemu sita au saba, chuma ni cha kweli. Kama umefika 12 na nusu, umekwisha kujua unaongea na nani. Sirenji inaweza kukosea kwa tone moja au mawili, kwa hiyo usimkamate mtu shati kwa ajili ya tone. Lakini kwa tofauti ya 0,84 haiwezi kudanganya.

Nimefanya hivyo mbele ya watu mara kadhaa, na kila mara wanunuzi wawili watatu wanaanza kukumbuka kwamba wameacha kitu nyumbani.

Kisha ya uzito, kuna bei. Redio inasema bei ya dunia kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31,1. Mwaka 2025 aunsi ilivuka dola 3 000, kisha ikavuka 4 000, na siye huku tulikuwa bado tunaambiwa bei ya mwaka wa nyuma. Kwa mfano nachukua namba rahisi: aunsi ni dola 3 110. Gawanya kwa 31,1, gramu moja ni dola 100. Lakini ile ni dhahabu safi kabisa, ya karati 24. Ya kwetu ina madini mengine ndani. Ikiwa ni karati 22, maana yake katika sehemu 24, sehemu 22 ni dhahabu. Basi gramu yako ni 100 mara 22, kwa 24: dola 91,67.

Mnunuzi anakupa 75. Gawanya 75 kwa 91,67: unapata karibu 82 kwa mia. Kwa hiyo katika kila dola 100 za mali yako, 18 zinabaki njiani. Kwa tola moja ni dola 194. Tena, sisemi zote ni wizi. Mnunuzi wa mlimani ana njia, ana mabarieri, ana kodi zenye risiti na zile zisizokuwa na risiti, na mara nyingi yeye mwenyewe anamuuzia mwingine mkubwa. Lakini mtu anayejua kwamba ni 18 kwa mia anaweza kuuliza: kwa nini si 12? Asiyejua anasema aksanti.

Na akikwambia kwa macho tu kwamba dhahabu yako ni karati 20, ujue neno lile moja limekwisha kushusha gramu kutoka 91,67 mpaka 83,33. Zaidi ya dola 8 zimekwenda kwa sababu ya kuangalia tu. Muulize amepima na nini.

Nusu kwa nusu

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu, na hapa nitakaa kidogo.

Ku machimbo mengi, mwenye shimo (tunamwita PDG, na mwenyewe anapenda kuitwa hivyo) anapatana na wachimbaji kwa maneno mafupi: nusu kwa nusu. Watu wanapeana mikono. Hakuna karatasi. Kisha ya wiki, au ya mwezi, mawe yanatoka, na njo ugomvi unaanza.

Tuseme timu ya wachimbaji 10 imetoa mifuko 40 ya mawe. Gharama zote, mafuta ya pompe, miti ya kushikilia shimo, unga, ndagala, na wenye kupita kuomba kwa jina la serikali au la mlima, zinahesabiwa mifuko 10.

Namna ya kwanza: gharama inatoka juu, kabla ya kugawana. 40 toa 10, inabaki 30. PDG anachukua 15, timu inachukua 15. Kila mchimbaji ana mfuko mmoja na nusu.

Namna ya pili: wanagawana kwanza, 20 kwa 20. Kisha PDG anasema: «Vijana, chakula mlikula ninyi, pompe ilikauka maji ili ninyi muingie.» Gharama inatoka kwa nusu ya timu. Timu inabaki na 10, PDG na 20. Kila mchimbaji ana mfuko mmoja.

Namna zote mbili zinaitwa nusu kwa nusu. Ya kwanza uwiano wake ni 15 kwa 15, yaani moja kwa moja. Ya pili ni 20 kwa 10, yaani mbili kwa moja. Mchimbaji amepoteza theluthi ya haki yake na hakuna neno hata moja la mapatano lililovunjwa. Ndiyo maana ninawaambia vijana: siku ya kupeana mikono, usiulize nusu tu, uliza nusu ya nini. Ya mifuko 40 au ya mifuko 30? Na gharama inaandikwa na nani, mbele ya nani? Kwa sababu mwenye kalamu ya gharama anaweza kufanya 10 kuwa 14, na uwiano wote unahama bila mtu kuinua sauti.

Sasa twende ndani ya timu yenyewe, kwa sababu dhuluma haitoki kwa PDG peke yake. Siye kwa siye tunajua pia.

Ile mifuko 15 ya timu imetwangwa, imeoshwa, imetoa gramu 27. Wachimbaji 8 walifanya kazi siku zote 6. Mmoja alifanya siku 4, alienda matanga Baraka. Mwingine alifanya siku 2, kisha jiwe likamwangukia mguu. Jumla ya siku: 8 mara 6 ni 48, ongeza 4, ongeza 2, ni siku 54. Gramu 27 kwa siku 54, kila siku ni nusu gramu. Wale 8, kila mtu gramu 3. Wa matanga, gramu 2. Wa mguu, gramu 1. Jumla 24, na 2, na 1, ni 27. Hakuna kilichopotea. Hesabu ni safi kama maji ya Mulongwe ya juu.

Ni safi, lakini mimi siikubali. Yule wa mguu alikuwa ndani ya shimo kwa ajili ya wote. Katika mapatano tunayoyasukuma sisi wa sendika, siku za kulala kwa ajili ya ajali ya shimo zinahesabiwa kama siku za kazi. Watu wanagoma mara ya kwanza: «Kamarade, unataka tumlipe mtu mwenye kulala?» Basi tunachukua kartoni na bik, tunahesabu mbele yao.

Tukimwongezea zile siku 4, jumla inakuwa siku 58. Gramu 27 kwa siku 58, kila siku ni gramu 0,4655. Mwenye siku 6 anapata gramu 2,79 pahali pa 3. Wa matanga anapata 1,86 pahali pa 2. Wa mguu, pahali pa gramu 1, anapata 2,79. Kwa hiyo yule aliyefanya wiki nzima ametoa gramu 0,21. Ni vijiti viwili vya kibiriti. Kwa vijiti viwili, mwenzake ana feza ya hospitali na watoto wake wamekula.

Nimeona watu wenye kelele wakinyamaza mbele ya kartoni ile. Mmoja, mzee wa shimo, aliuliza tu: «Na mimi nikivunjika kesho, vijiti vile vinarudi?» Vinarudi, mzee, kwa uwiano ule ule. Siku ile ile wakakubali.

Wamama wenye kutwanga mawe, hao njo wanaumizwa kwa siri kuliko wote, na kwao ujanja si bei, ni mfuko. Wanapatana kulipwa kwa mfuko, sema franga 5 000. Mfuko ulipokuwa wa kilo 50, kila kilo ilikuwa franga 100. Kisha mwenye mawe analeta mfuko mwingine, mrefu kidogo, anaujaza mpaka mdomo haufungiki, unafika kilo 65. Bei ya mfuko ni ile ile, hakuna aliyeipunguza! Lakini 5 000 kwa 65 ni karibu franga 77 kwa kilo. Mama ametwanga zaidi kwa theluthi karibu, na kila kilo imeshuka franga 23. Mikono na mapafu yake havihesabu mifuko, vinahesabu kilo. Mahali tulipofaulu kuwasaidia, walikataa mfuko wakachagua beseni moja, yenye alama ya rangi ndani, na kila mtu analipa kwa beseni. Ni kazi ya rangi kidogo na msumari, na ugomvi ulipungua.

Pale règle de trois inapokudanganya

Wenye kuajiriwa na kampuni, wenye kontra na karatasi ya mshahara, wana shida nyingine. Kwao mkubwa anafanya règle de trois mahali isipopaswa. Sheria ya kazi ya Kongo inaweka masaa 45 kwa wiki. Masaa ya juu ya hapo hayalipwi kwa bei ile ile: masaa 6 ya kwanza yanaongezwa 30 kwa mia, yanayofuata 60 kwa mia, na kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu inaongezwa 100 kwa mia, ni kusema inalipwa mara mbili.

Kijana anapata franga 2 000 kwa saa. Wiki hii amefanya masaa 50. Mkubwa anazidisha 2 000 kwa 50, anampa 100 000, na kijana anaona ni sawa kwa sababu règle de trois imesema hivyo. Lakini hesabu ya kweli: masaa 45 ni 90 000, na masaa 5 kwa 2 600 ni 13 000. Jumla 103 000. Franga 3 000 zimebaki ofisini. Zidisha kwa wiki nne, zidisha kwa wafanyakazi 200, unapata franga 2 400 000 kila mwezi. Delege yeyote wa sendika asiyekuwa na kalkulatrisi mfukoni, kwangu mimi, ni delege wa kupiga picha.

Kuna pia uwiano ulioandikwa katika sheria ya madini ambao vijiji vyetu vingepaswa kuushika kwa kichwa. Tangu Code minier ilipobadilishwa Machi 2018, kampuni yenye kuchimba dhahabu inalipa ile redevance ya 3,5 kwa mia ya bei ya mali inayouza. Na ile redevance inagawanywa: serikali ya Kinshasa 50 kwa mia, provense 25, sektere, shefferi au komine yenye mlima 15, na 10 zinawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa dhahabu ya dola milioni moja, redevance ni 35 000. Kinshasa 17 500, provense 8 750, sektere 5 250, mfuko wa vizazi 3 500. Mbali na hiyo, kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wenye kuzunguka mgodi. Kwa milioni ile moja ni dola 3 000.

Dola 5 250 si mingi, unaweza kusema. Lakini ni kwa kila milioni. Mwaka kampuni inapouza milioni 20, sektere inapaswa kupokea 105 000, na hapo unaweza kuuliza shefu maswali ya bati za shule na daraja bila kumtukana. Unahitaji namba moja tu, mauzo ya mwaka. Zilizobaki zinafuata.

Mdogo wangu mmoja wa Makobola, mchimbaji, alinitumia swali wiki jana, na ninalijibu hapa kwa sababu linawahusu wengi. Mfuko wao wa mchele unawalisha watu 10 kwa siku 12. Wameongezeka, wamekuwa 15. Alifanya règle de trois akapata siku 18, akashangaa. Mdogo wangu, watu wakiongezeka siku zinapungua, hazipandi pamoja. Hapa namba isiyotikisika si ya kugawanya, ni ya kuzidisha: 10 mara 12 ni sahani 120 za siku. Sahani 120 kwa watu 15 ni siku 8. Nunueni mfuko mwingine kabla ya Jumamosi.